Sumu ya Nyoka: Kwa Nini Mtoto Hupewa Dozi Sawa na Mtu Mzima?



Ndugu wasomaji, korosho zikianza kuanguka, familia zetu za Likunja hushinda mashambani zikiokota chini ya mikorosho. Majani makavu tunayoyapekua ndiyo kitanda cha kifutu. Kwa hiyo leo tunazungumzia dawa ya sumu ya nyoka, na hasa jambo linalowashangaza wazazi wodini: mtoto wa miaka 4 akiumwa na nyoka hupewa dozi ileile ya baba yake. Wengine hudhani muuguzi amekosea. Hakukosea, na sababu yake inafaa ijulikane na kila familia.

Dawa hii ni nini?

Mwili ukiingiliwa na adui hutengeneza kingamwili, yaani chembe ndogo mno zinazomkamata adui huyo na kumfunga asidhuru. Mwaka 1890 Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo walionyesha kwamba kinga ya mnyama mmoja inaweza kuhamishiwa kwa mwingine kwa njia ya damu. Mwaka 1894 Albert Calmette, Mfaransa, aliitumia njia hiyo dhidi ya sumu ya nyoka. Huyu ndiye ambaye jina lake limo katika chanjo ya BCG wanayochanjwa watoto wetu. Hata leo farasi hudungwa sumu kidogo kidogo, damu yake hutolewa, na kingamwili zilizomo husafishwa na kutiwa katika chupa ndogo.

Mpishi huhesabu wageni, si ukubwa wa nyumba

Tuchukue mfano wa arusi. Mpishi akiambiwa wamefika wageni 60, hupakua sahani 60. Haulizi kama nyumba ya arusi ina vyumba viwili au kumi. Katika mfano huu wageni ni sumu, sahani ni kingamwili, na nyumba ni mwili wa mgonjwa.

Dawa nyingine, kama za malaria, hupimwa kwa uzito wa mwili. Dawa ya nyoka hupimwa kwa sumu iliyoingia. Nyoka hapunguzi sumu kwa sababu amemuuma mtoto. Tena, sumu ileile katika mwili mdogo huleta madhara makubwa zaidi. Mzazi akiomba mtoto apunguziwe dawa, anawaacha wageni wengi bila sahani.

Wageni wakizidi kuja

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Saa sita mchana wageni walikuwa 60, lakini saa nane wakaingia 40 wengine. Sahani za mwanzo hazitoshi tena, ingawa mpishi alihesabu vizuri.

Sumu nayo hufanya hivyo. Haiingii yote katika damu kwa mara moja. Sehemu yake hubaki katika mguu uliovimba kama akiba ghalani, ikitoka polepole. Wakati huohuo kingamwili tulizodungwa hupungua siku hadi siku, na katika aina fulani za dawa hupungua upesi sana. Basi mgonjwa aliyepata nafuu asubuhi anaweza kuanza tena kutokwa damu kwenye fizi.

Daktari hujuaje? Kipimo kimoja ni rahisi: damu kidogo hutiwa katika chupa safi, kavu, ya kioo, na kuachwa imetulia kwa dakika 20. Ikiwa bado ni maji haijaganda, sumu inavuruga damu. Baada ya dawa, kipimo hurudiwa saa 6 baadaye. Kwa nini tungoje hivyo? Kwa sababu hata sumu ikiisha kufungwa yote, ini huhitaji muda kutengeneza upya vitu vya kugandisha damu. Damu isipoganda hata baada ya saa hizo 6, dozi hurudiwa. Dozi ya pili si dalili kwamba ya kwanza ilikuwa bure. Kwa hiyo tusimwondoe mgonjwa wodini kwa sababu tu ameomba uji.

Tena tukumbuke: dawa hufunga sumu inayotembea. Haifufui nyama iliyokwisha kuoza. Kila saa tunayopoteza njiani ni hasara isiyofidiwa na chupa nyingi.

Tufanye nini?

1. Tumtulize mgonjwa, tumvue pete na bangili, tufunge vijiti kando ya mguu au mkono ili usichezeshwe, kisha tumpeleke hospitali upesi.

2. Tusichanje, tusinyonye jeraha, tusikaze kamba. Jiwe la nyoka, ambalo hata baadhi ya watu wa misioni wamelitunza, halivuti sumu iliyokwisha kuingia mwilini.

3. Tusimtafute nyoka ili tumbebe. Wengi wameumwa hivyo.

4. Dawa hii haipatikani katika kila zahanati. Jumuiya iulize mapema, kabla ya msimu: hospitali za wilaya Ruangwa na Nachingwea, au hospitali zetu za Nyangao na Ndanda, nani anayo?

5. Tusiitafute ili tudungane nyumbani. Kwa kuwa imetoka kwa farasi, inaweza kumletea mgonjwa mzio mkali, na mhudumu lazima awe na dawa ya kumwokoa.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka, wengi wao wakulima na watoto. Ni maskini kama sisi.

Tunasoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 28, jinsi Paulo alivyoumwa na nyoka kisiwani Malta asidhurike. Lakini Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa naye ameumbwa na Mungu. Tusali, na huku tukisali tutafute usafiri.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Kwa nini dozi ya mtoto haipunguzwi?
2. Mgonjwa akipata nafuu, kwa nini abaki wodini?
3. Usiku wa manane, nani katika jumuiya yetu ana pikipiki, na nani atachangia mafuta?