MKATE NA KILICHO NDANI YAKE
(Somo la nyumbani)

Katika somo hili twataka kutazama jambo ambalo wengi wetu hulifanya kila asubuhi pasipo kulifikiri, yaani kukata mkate, kuupaka kitu na kuula. Wako wanaodhani kwamba sandwichi ni chakula cha hotelini. Kumbe kila aliyefunika yai kwa slesi ya pili amekwisha kuitengeneza.

1. Jina lake

Sandwich ni mji mdogo katika Kent, Uingereza. Jina la chakula hiki latokana na cheo cha John Montagu (1718–1792), Earl wa nne wa Sandwich. Husimuliwa kwamba aliagiza nyama iwekwe katikati ya mkate ili asiache mchezo wa karata. Wengine husema alikuwa kazini mezani pake. Mwaka 1762 mwandishi Edward Gibbon alikwisha kulitaja jina hilo katika shajara yake. Basi hiki ni chakula kilichopata jina kwa mtu mwenye haraka, na haraka hiyo hiyo hutunyima raha yake hata leo.

2. Mkate ule ule

Mwenzetu mmoja alifiwa na mkewe. Alituambia ya kuwa kwa miezi mingi alikula mkate mkavu kwa chai ya rangi, hali amesimama jikoni. Aliona hakuna sababu ya kumwandalia mtu mmoja meza. Siku moja mjukuu wake alikuja, akachemsha yai, akakata nyanya na kitunguu, akapaka siagi, akafunika, akakata katikati, akaweka katika sahani. "Mkate ulikuwa ule ule," mzee akasema, "lakini siku ile nilivuta kiti."

Tangu hapo hujitengenezea mwenyewe, naye hukaa.

3. Mambo madogo ya kuangalia

(a) Siagi ipakwe mpaka pembeni. Haileti ladha tu, bali huzuia maji ya nyanya yasilowanishe mkate.

(b) Nyanya na matango yakatwe membamba. Chumvi inyunyizwe mwisho, kwa kuwa huvuta maji.

(c) Parachichi lipondwe kwa uma na kukamuliwa ndimu kidogo. Ndimu huchelewesha lisigeuke rangi.

(d) Yai lililochemshwa lipoe kwanza, ndipo likatwe.

(e) Mkate wa jana usitupwe. Uupashe moto katika kikaango kikavu, upande huu na huu, nao utapendeza tena. Lakini wenye ukungu usiliwe.

4. Raha iko wapi?

Haiko katika wingi wa vitu. Iko katika harufu ya kitunguu kibichi na pilipili manga, na katika ule ukimya mfupi wa kukaa na kutafuna kabla kazi hazijaanza. Tena iko katika kujuana. Anayewafungia wenzake mkate asubuhi hukumbuka ni nani hapendi kitunguu, na ni nani hutaka pembe ngumu ya boflo. Naye afunguaye kitambaa saa sita, mbali na nyumbani, hujua kwamba alikumbukwa.

Lakini tusisahau wanaoishi peke yao. Tumezoea kusema, "Niko peke yangu, nipike cha nini?" Maneno haya twayasema kama mzaha, nayo humfundisha mtu kujidharau. Wahenga walisema kidogo si haba. Slesi mbili na nyanya moja, zikitengenezwa kwa uangalifu, zatosha kumkumbusha mtu kwamba yeye naye ni mgeni wa kuandaliwa.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni nani kwetu hula amesimama, na kwa sababu gani?
2. Je, twajua kila mmoja apenda nini katika mkate wake?
3. Juma hili, ni jirani gani aishiye peke yake tutakayempelekea nusu ya wetu, tukakaa naye mpaka amalize?