SOMO: MTAALAMU MMOJA SI KAMATI NZIMA

Utaalamu ni nguzo ya maendeleo, lakini nguzo moja haibebi paa. Mtaalamu hulijua sana jambo alilosomea. Nje ya hapo, ujuzi wake huweza kuwa sawa na wa mwanachama ye yote.

Historia ya nchi inatoa mfano. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma Tanganyika ujumbe wa watu watatu kuchunguza kilimo cha karanga: mmoja wa kilimo, mmoja wa mashamba makubwa, na mmoja wa fedha. Hapakuwa na mtaalamu wa udongo. Mpango ulioanza mwaka 1947 ulikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3. Huko Kongwa mvua hazikutosha, na udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu, ukaharibu majembe ya matrekta na kuzuia karanga zisichimbuliwe. Wagogo, wenyeji wa nchi hiyo, waliujua ukame wake tangu zamani. Januari 1951 mpango uliachwa, na takriban pauni milioni 36 zikapotea.

Ufipa nako kuna funzo. Katika kilimo cha ntumba, majani hufukiwa ndani ya matuta ya mviringo mvua zinapokaribia kwisha, yakaoza. Msimu unaofuata matuta husambazwa na mbegu hupandwa. Mtaalamu wa matrekta huweza kuona humo kikwazo cha plau tu. Mkulima huona palizi na mbolea katika kazi moja. Kila mmoja husema kweli, ila ya kwanza ni kweli ya kipande.

Kwa hiyo, kabla chama cha Namanyere au cha kwingineko hakijakopa fedha za trekta, mashine au ghala, yafaa katibu aandike katika kumbukumbu za mkutano majibu ya maswali haya:

1. Mshauri amesomea nini, na ni jambo gani lililo nje ya elimu yake?
2. Ni nani aliyeulizwa kuhusu vipuri, mafuta, soko, na barabara wakati wa mvua?
3. Wakulima wa mahali hapo wamesema nini?
4. Je, jaribio dogo la msimu mmoja limefanyika?
5. Ikitokea hasara, nani atalipa deni?

Swali la mwisho ndilo zito. Mshauri humaliza kazi akaondoka. Deni hubaki kwa wanachama. Kuuliza si ujinga, wala si kumvunjia mtaalamu heshima.