Admirali Aliyesahau Kijerumani



Leo tumwangalie Józef Unrug. Nimemchagua kwa sababu tukitaja uaminifu, wengi wetu tunawaza ndoa tu, basi.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1884, familia yenye asili ya Kijerumani iliyokuwa imegeuka ya Kipoland. Kijerumani alikua nacho, na katika Vita Kuu ya Kwanza aliongoza nyambizi za Ujerumani. Poland ilipopata tena uhuru, akaenda kulitumikia jeshi lake la majini, lililokuwa changa kabisa. Kuanzia 1925 ndiye aliyeliongoza.

Ujerumani ikaivamia Poland tarehe 1 Septemba 1939. Unrug alilinda pwani akiwa Hel, rasi nyembamba iliyoingia baharini. Warszawa ilisalimu amri mwezi ule ule; yeye akashikilia hadi 2 Oktoba.

Sasa hapa ndo pa kukaa kidogo. Wajerumani walimjua vizuri, maana alikuwa afisa wao wa zamani. Wakamwendea na maneno matamu: rudi kwetu. Yeye akadai mkalimani. Kijerumani, alisema, alikisahau siku ile ya 1 Septemba! Hebu fikiria: mateka, meli hana, silaha hana. Kilichobaki ni ulimi, na huo nao akawanyima. Mimi naona ilikuwa ngumu kuliko kupiga mzinga, kwa sababu mzinga unapigwa mkiwa wengi, lakini kambini unajibu peke yako, leo, kesho, na mwaka kesho. Alihamishwa kambi hadi kambi, Colditz ikiwemo, mpaka Wamarekani walipowakomboa Murnau, Aprili 1945. Sisi tulijibu "Namkataa" siku ya Kipaimara, tukiwa na nguo mpya na wasimamizi pembeni. Swali ni nani anatusikia Jumanne usiku. (Someni Mt 5:37 kwenye jumuiya.)

Vita ikaisha, lakini Poland ikawa chini ya Wakomunisti, naye hakurudi. Aliishi Uingereza, Morocco, kisha Ufaransa, akafa huko 1973 akiwa na miaka 88. Aliacha sharti: asizikwe Poland kabla wenzake, maafisa waliouawa na utawala ule na kufukiwa bila alama, hawajapewa mazishi ya heshima.

Miaka mingi baadaye mabaki yao yalipatikana, wakazikwa Gdynia. Ndipo 2018 yeye na mkewe Zofia wakaletwa kutoka Ufaransa, wakalazwa karibu nao.