UHALISI NA THAMANI YA LITOGRAFIA: FUNZO KUTOKANA NA MKASA WA KAZI ZA DALÍ

Ikisiri
Makala haya yanachunguza namna ya kubainisha uhalisi wa litografia, yaani picha za sanaa zilizopigwa chapa kwa jiwe, na namna ya kukadiria thamani yake. Yanaonyesha kuwa sahihi ya msanii peke yake si ithibati, na kwamba hukumu ya kuaminika hutokana na kulinganisha uso wa chapa, karatasi na historia ya nakala. Mfano mkuu ni kazi za Salvador Dalí wa Uhispania. Mwishoni, makala yanadokeza funzo kwa mhakiki wa miswada ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi
Litografia ilibuniwa na Alois Senefelder huko Bavaria, Ujerumani, kati ya 1796 na 1798. Ikumbukwe kuwa Senefelder alikuwa mwandishi wa tamthilia aliyetafuta njia rahisi ya kuchapisha kazi zake. Mbinu yake imejengwa juu ya ukweli kwamba mafuta na maji havipatani. Msanii huchora kwa chaki au wino wenye mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa. Jiwe hutiwa mchanganyiko wa gundi na asidi, kisha hulowanishwa. Wino wa kuchapia unapopitishwa, hushika palipochorwa na kukataa palipolowa. Hatimaye karatasi hulazwa juu yake na kukandamizwa kwa mashine. Kwa kawaida, kila rangi huhitaji jiwe lake.

Mchakato huu unazua suala la istilahi. Katika mchoro wa rangi za mafuta, asilia ni moja na nyinginezo ni nakala. Katika litografia, nakala 75 zilizotolewa kwenye jiwe moja huwa zote ni asilia. Kwa hivyo, mchunguzi haulizi ipi ilitangulia, bali huuliza iwapo chapa iliyo mbele yake ilitoka kwenye jiwe au bamba lililochorwa na msanii, na kwa idhini yake.

2.0 Kubainisha uhalisi
2.1 Uso wa chapa
Hatua ya kwanza ni kutazama chapa kwa kioo kinachokuza mara 10. Mistari ya chaki ya litografia huonyesha chembechembe zisizo na mpangilio. Picha iliyonakiliwa kwa kamera na kuchapwa kwa mashine ya ofseti huonyesha nukta ndogo zilizopangika kwa safu, mithili ya picha za magazeti. Hata hivyo, ushahidi huu una mipaka. Kuwepo kwa nukta hizo kwa kawaida hutosha kuikanusha chapa. Kutokuwepo kwake hakutoshi kuithibitisha, kwani zipo mbinu nyingine za kunakili zisizoacha nukta.

2.2 Karatasi
Hatua ya pili ni kuielekeza karatasi kwenye mwanga ili kuona alama ya kiwanda iliyo ndani yake. Karatasi za Arches na Rives za Ufaransa zilitumiwa sana na wasanii wa karne ya 20. Mnamo 1980, alama ya infiniti, mfano wa tarakimu 8 iliyolazwa, iliongezwa kwenye karatasi hizo. Ni wakati huohuo afya ya Dalí ilipozorota na mkono wake kuanza kutetemeka. Chapa iliyo kwenye karatasi yenye alama hiyo, ilhali inadaiwa kuwa ya miaka ya 1960 au 1970, hujikanusha yenyewe.

2.3 Sahihi na nambari
Wanunuzi wengi huanza na sahihi, na hapo ndipo wanaponaswa. Mwaka 1974, maafisa wa Ufaransa walisimamisha lori lililokuwa likielekea Andorra likiwa na karatasi tupu zipatazo 40,000, zote zikiwa na sahihi ya Dalí. Kwa hivyo, sahihi yaweza kuwa halali ilhali picha iliyochapwa juu yake baadaye haimhusu msanii kwa lolote. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Nambari nazo zahitaji tahadhari. 12/75 humaanisha nakala ya 12 katika toleo la nakala 75. Herufi E.A. huashiria nakala za msanii, na H.C. zile zisizokusudiwa kuuzwa. Nambari hizi huandikwa kwa penseli. Yeyote mwenye penseli aweza kuziandika. Njia ya kuzipima ni kuzilinganisha na katalogi kamili ya kazi za msanii, ambayo hutaja vipimo, karatasi, mchapaji na idadi ya nakala. Kwa Dalí, katalogi inayotegemewa sana ni ile ya Albert Field iliyotolewa mwaka 1996.

3.0 Kukadiria thamani
Uhalisi hauamui bei peke yake. Chapa za Marc Chagall ni mfano mzuri. Litografia zake zilizotolewa ndani ya jarida la Derrière le Miroir ni halisi, lakini hazina sahihi wala nambari na zilichapwa kwa wingi. Huuzwa kwa bei ya chini sana kuliko zile za toleo dogo alizozitia sahihi. Isitoshe, hali ya nakala huathiri bei: madoa ya kahawia, rangi iliyopauka kwa jua, pambizo zilizokatwa au gundi mgongoni hupunguza thamani. Vile vile, mkadiriaji hutofautisha bei ya mnadani, bei ya dukani na thamani ya bima, ambayo aghalabu huwa ya juu. Kigezo bora ni bei zilizolipwa karibuni kwa nakala za toleo lilelile zenye hali inayolingana.

4.0 Hitimisho
Makala yamebainisha kuwa uhalisi huthibitishwa kwa ushahidi unaoafikiana, wala si kwa alama moja. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anakabiliwa na suala kama hilo. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, kwa mfano, zilihifadhika kupitia kazi ya Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, si kwa mkono wa mtunzi. Jina lililo mwishoni mwa mswada laweza kuwa la mnakili. Karatasi, wino, hati na njia iliyopitiwa na mswada huo hadi maktabani havina budi kuulizwa kabla ya jina kuaminiwa. Anayeridhika na sahihi hudanganywa sokoni. Mhakiki anayeridhika nayo huwadanganya wengi watakaomsoma.