Fedha za Idara ya Chuo Kikuu: Maswali na Majibu

Kwa miaka mingi nimeshughulikia hesabu za idara ya sayansi katika chuo kikuu cha umma Tanzania. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi na vijana wanaopangiwa idarani, na wahadhiri pia.

Kama mishahara na ada vinashughulikiwa makao makuu ya chuo, idarani kuna kazi gani?

Ni kweli, mishahara haipiti mezani kwetu, na mwanafunzi hulipa ada kwa namba ya malipo (control number), benki au kwa simu. Kinachobaki kwetu ni kile kinachowezesha somo kufundishika: vitendanishi vya maabara, safari za mafunzo kwa vitendo, malipo ya watahini wa nje, matengenezo ya vifaa na fedha za utafiti. Tunaandaa bajeti, madokezo na hati za malipo, tunafuatilia bakaa ya kila kasma, yaani kifungu cha bajeti, kisha tunajibu hoja za wakaguzi. Kuidhinisha si kazi yetu. Mkuu wa Idara anaomba, ngazi za juu zinapitisha, na afisa masuuli wa chuo ni Makamu Mkuu wa Chuo.

Mbona maombi yetu hukaa wiki nzima bila majibu?

Mengi hukwama kwenye dokezo. Mtu anaandika, “Naomba fedha kwa ajili ya maabara.” Anayeidhinisha hawezi kufanya lolote na sentensi hiyo. Dokezo linalopita husema hivi: naomba Sh 800,000 za kutengeneza sentrifuji ya mazoezi ya mwaka wa pili yanayoanza katikati ya Novemba, kasma ya matengenezo ina bakaa ya Sh 2,350,000, ankara kifani ya fundi imeambatishwa. Msomaji hana cha kuuliza tena.

Kisha mwambieni fundi mapema habari ya kodi ya zuio. Kwa huduma ni asilimia 5, kwa hiyo katika Sh 800,000 hizo atapokea Sh 760,000, na Sh 40,000 zitakwenda Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa jina lake, apewe na cheti chake. Asipoelezwa ataamini ameibiwa, na safari nyingine hatakuja.

Masurufu yanawatesa watu. Tatizo liko wapi?

Liko kwenye maandalizi kabla ya safari. Tuseme mhadhiri anawapeleka wanafunzi Milima ya Udzungwa kusoma mimea. Amepewa masurufu, yaani fedha za kutanguliziwa, ya dizeli, chakula na waongozaji. Dizeli si shida, kituo kitatoa risiti ya mashine ya kodi (EFD). Ila mama aliyewapikia kijijini hana mashine, wala kijana aliyewaongoza msituni. Mhadhiri anarudi na daftari lenye maneno “chakula 300,000”, hakuna jina wala saini.

Dawa yake ni fomu ya malipo anayoondoka nayo idarani: jina la mlipwaji, kazi aliyoifanya, tarehe, kiasi, namba ya simu, saini au alama ya dole gumba, na saini ya shahidi. Naichapa mwenyewe na kumkabidhi mhadhiri pamoja na maelekezo ya safari, hata akisema hataihitaji. Akirudi, kanuni za fedha za umma zinampa wiki mbili kurejesha masurufu. Zikipita, atakatwa kwenye mshahara, na hapewi mengine kabla ya kufunga yale ya kwanza. Nimeona wasomi wazuri, waaminifu kabisa, wakikatwa kwa sababu tu hakuna aliyewapa karatasi ile. Hilo linaniuma, kwa kuwa lilikuwa jukumu la ofisi kama yangu.

Na fedha za wafadhili wa utafiti?

Zina kalenda yake. Mwaka wetu wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, ilhali mfadhili anaweza kutaka taarifa ya Januari hadi Desemba, tena kwa euro. Kwa hiyo kila matumizi huandikwa tangu siku ya kwanza kwa namna inayoweza kusomwa kwa kalenda zote mbili, pamoja na kiwango cha ubadilishaji kilichotumika. Ukisubiri mwezi wa taarifa ndipo uanze kutafuta kiwango cha Machi, utakesha.

Kwa nini Juni ni mwezi wa kugombana?

Kwa sababu maombi yaliyolala tangu Septemba huamka yote pamoja. Ununuzi hupitia mfumo wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, na mfumo hauna habari na haraka zako: mpango wa ununuzi lazima uwemo, wazabuni washindanishwe, mali ipokelewe na kukaguliwa kabla ya malipo. Mimi hupita ofisi za wahadhiri mwezi Februari na orodha ya bakaa mkononi. Anayejibu Februari hupata vifaa vyake.

Ni lazima niwe na CPA?

Kwa anayetaka kupanda madaraja ya uhasibu, mitihani ya bodi ya wahasibu (NBAA) haikwepeki. Ila idarani utahitaji pia ujasiri wa kumuuliza profesa kitendanishi hiki ni cha nini na kinahifadhiwaje. Kama kinataka friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri na idara haina, ni afadhali ijulikane kabla ya hati ya malipo kusainiwa.