Kwa Nini Mpapai Hunyauka Majini: Bustani ya Nyumbani baada ya Mvua Nyingi

Tabora hupata msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili. Katika miaka ya mvua za kupita kiasi, kama zile za El Nino za 1997 na 1998, maji huweza kutuama bustanini kwa siku nyingi. Siku jua linapochomoza tena, mwenye bustani wa Chemchem, katika mji wa Tabora, huona mchicha umegeuka manjano, nyanya zina madoa, na mpapai umelegea ilhali umesimama majini. Yawezekanaje mmea unyauke kana kwamba una kiu mahali palipolowa hivyo?

Jibu limo katika mizizi, ambayo nayo hupumua. Baina ya chembe za udongo mna nafasi zenye hewa. Maji yakizijaza, oksijeni hupenya kwa shida: mwendo wake majini ni wa polepole mara 10,000 hivi kuliko hewani. Ile iliyobaki humalizwa upesi na mizizi pamoja na vijidudu vya udongo. Mzizi uliokosa oksijeni hukosa nguvu ya kufyonza, hata maji yakiwa tele. Mpapai ni dhaifu mno kwa jambo hili. Siku chache za kuzama mizizi hutosha kuuua. Mwembe hustahimili zaidi, kwani huweza kukuza vitundu vya gome lake karibu na usawa wa maji, vikapitisha hewa. Wenyeji wa njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, wana bahati kwamba mti uliopendwa kupandwa huko ulikuwa mwembe!

Rangi ya manjano ina sababu ya pili. Katika udongo wa kichanga, mvua huichukua nitrati na kuizamisha chini ya mizizi. Katika udongo uliojaa maji, bakteria huigeuza kuwa gesi ikapotelea hewani. Mmea ukipungukiwa na naitrojeni huihamisha toka majani ya zamani kwenda machanga, ndiyo maana manjano huanzia chini. Wengi hukimbilia mbolea papo hapo. Hiyo ni hasara, kwa kuwa mzizi usiopumua hauwezi kuitumia.

Kazi ya kwanza, basi, ni kuchimba mfereji wa kuondoa maji. Jembe lingoje: udongo mbichi ukilimwa au kukanyagwa hushindiliwa, na ukikauka huwa mgumu kama tofali. Donge la udongo lifinywe kiganjani, kisha lisukumwe kwa kidole. Likivunjika, wakati umefika. Likibonyea tu, bado. Majani yenye madoa yakatwe na kuchomwa moto. Ndipo samadi iliyooza iwekwe, kidogo kidogo, mbali na shina. Kwa msimu ufuatao, matuta ya Wanyamwezi, ambamo majani huzikwa yaoze, yana faida mbili: huinua mizizi juu ya maji na kurudisha rutuba.

Darasani, mwalimu aweza kupanda maharage katika makopo mawili, moja likiwa limetobolewa chini. Yakisha kuota, lile lisilotobolewa lijazwe maji hadi usawa wa udongo, na jingine limwagiliwe kwa kiasi. Baada ya juma moja miche ing'olewe, na wanafunzi walinganishe rangi na harufu ya mizizi.