Nyumba ya Mtakatifu Petro Mjini Lyon

Mji wa Lyon, katika nchi ya Ufaransa, umejengwa mahali inapokutana mito miwili, Saône na Rhône. Katikati ya mji, kando ya uwanja uitwao Terreaux, lasimama jengo kubwa la mawe lenye bustani ndani yake, iliyozungukwa na baraza za matao. Leo jengo hilo ndilo makumbusho ya sanaa ya mji, nalo ni miongoni mwa makubwa ya Ufaransa: humo huhifadhiwa picha za rangi, sanamu za mawe na za shaba, na vitu vya kale vya Misri. Lakini mtu akiingia na kutazama kwa makini, atatambua upesi kwamba waliolijenga hawakuwa na nia ya kuweka picha za kutazamwa. Nyumba hii ilikuwa abasia, yaani makao ya watawa wa kike wafuatao kanuni ya Mtakatifu Benedikto, na msimamizi wake alikuwa Mtakatifu Petro.

Watawa walikaa mahali hapo miaka zaidi ya elfu. Majengo yaonekanayo sasa yalianzwa mwaka wa 1659, kwa ramani ya Royers de la Valfenière, mjenzi wa Avignon. Msomaji asidhani kwamba yalikuwa makao ya kimaskini. Wengi wa watawa hao walikuwa binti za wakuu, na ukiutazama ukuta wa mbele waweza kusema ni jumba la mfalme. Jambo hilo halina haja ya kufichwa.

Hata hivyo, chumba kimoja chaeleza maisha yao kuliko ukuta wa mbele. Ni chumba cha kulia. Kimepambwa kwa sanamu nyingi, na kila mwisho wa chumba ipo picha kubwa ya mchoraji Pierre-Louis Cretey. Upande mmoja Bwana awalisha makutano kwa mikate michache. Upande wa pili aketi pamoja na mitume katika Karamu ya Mwisho. Basi mtawa aliyeketi mezani alikula chakula chake kati ya mikate ile na Mkate huu. Hakuhitaji kuhubiriwa. Picha hizo mbili zingali zatazamana hata leo, na mwalimu wa dini anayewafundisha watoto sura ya sita ya Injili ya Yohane atafahamu kwa nini zilipangwa hivyo. Kama zingeng'olewa na kutundikwa bega kwa bega katika chumba kingine, zingebaki picha nzuri tu.

Yakaja Mapinduzi ya Ufaransa. Mali ya Kanisa ilitwaliwa na serikali, na mwaka wa 1792 watawa wakafukuzwa. Abasia nyingi za nchi ile zilibomolewa na mawe yake kuuzwa. Hii ilipona kwa sababu mji ulipata kazi ya kuitumia. Mwaka wa 1801 serikali iliamuru kwamba miji 15 ipewe picha kutoka mali ya taifa, na Lyon ilikuwa mmojawapo. (Bruxelles nayo ilikuwamo, maana siku zile nchi ya Ubelgiji ilikuwa chini ya Ufaransa.) Chuo cha uchoraji pia kilifunguliwa katika abasia. Watu wa Lyon waliishi kwa kufuma hariri, na wafumaji walihitaji vijana waliojua kuchora maua vema. Kanisa la watawa likawa chumba cha sanamu.

Lakini picha za taifa zilitoka wapi? Nyingine zilitwaliwa makanisani mwa Ufaransa, nyingine majeshi ya Napoleon yalizichukua katika nchi zilizoshindwa. Hapa ndipo ilipo habari ya kufikiriwa zaidi.

Katika mji wa Perugia, Italia, wamonaki wa Mtakatifu Benedikto wana abasia yao, nayo pia ni ya Mtakatifu Petro. Karibu na mwaka wa 1500 mchoraji Perugino aliwatengenezea picha kubwa ya altare: Bwana apaa mbinguni kati ya malaika, na chini Mama Maria na mitume wainua macho. Wafaransa waliichukua, na mwaka wa 1811 ikapelekwa Lyon.

Napoleon alipoanguka, Papa Pius VII alimtuma mchonga sanamu Canova kwenda Paris kudai vitu vilivyoporwa. Papa huyu alikuwa ameteswa na Napoleon mwenyewe: tangu 1809 hadi 1814 alikuwa mfungwa wake. Angeweza kuidai picha ile, na haki ilikuwa upande wake. Lakini alikuwa amepita Lyon mwaka wa 1804 na tena 1805, na watu walimpokea kwa mapendo makubwa. Wakuu wa mji walipomwomba waachiwe picha, alikubali; mwaka wa 1816 akawapa iwe yao, kuwa ukumbusho wa mapendo yake. Naye Pius VII, kabla ya kuwa askofu, alikuwa mmonaki wa Mtakatifu Benedikto. Hivyo kazi iliyofanywa kwa ajili ya wana wa Benedikto ilitolewa na mwana wa Benedikto, ikakaa katika nyumba waliyofukuzwa binti zake.

Zawadi hiyo iliondoa aibu ya unyang'anyi, na watu wa Lyon wanayo haki ya kuionea fahari. Wamonaki wa Perugia, lakini, hawakurudishiwa picha yao. Wala haikuwa picha moja tu, maana altare ile ilikuwa na vipande vingi. Manabii wawili wako Nantes. Picha ndogo za chini, za Mamajusi, Ubatizo na Ufufuko, ziko Rouen. Watakatifu wengine wako Vatikano, na wachache wamebaki Perugia kwenyewe. Mtu akitaka leo kuiona altare kama walivyoiona wamonaki walipoingia kusali, sharti avuke mipaka na kupita miji hiyo yote, na kuikamilisha moyoni mwake.